Springi ya shoki: jipime kwanza, pesa baadaye

Umeangukia baiskeli ya milimani ya mtumba, nyuma ina shoki ya springi ya chuma, na tayari unawaza Karura au Ngong Hills. Poa sana. Lakini tulia kidogo: huenda springi hiyo iliwekwa kwa uzito wa mwenyewe wa kwanza, si wako.

Anza na namba zilizo kwenye springi. 450 x 2.75 ni kusema inahitaji pauni 450 kuibana inchi moja, na inabanika hadi inchi 2.75. Namba hiyo ya pili isipungue mwendo wa shoki yako.

Sasa vaa helmeti, beba begi na maji, kisha keti. Beshte yako apime shoki kutoka bolti hadi bolti, kabla na baada ya kupanda. Lenga izame karibu asilimia 30. Shoki ya mwendo wa milimita 65 izame kama 19 au 20.

Ikizama sana, springi ni laini, itagonga mwisho kila shimo. Ikizama kidogo, ni ngumu: gurudumu linarukaruka na breki haishiki kwenye mteremko.

Usidanganywe eti ukikaza ringi springi inakuwa ngumu. Ukipita mizunguko miwili hivi na bado inazama, tafuta ya juu yake, mara nyingi pauni 50 zaidi. Hakikisha kipenyo kinaingia shoki yako.

Bei itauma, ndiyo. Bega lililoteguka linauma zaidi.