Mfugaji aliyeugua dawa ya josho, akaibana serikali kwa miaka 30

Mtu akianguka josho likiwa linaendelea, kila aliyepo atajua ni dawa. Lakini akianza kuumwa kichwa na misuli wiki tatu baadaye, hospitali ikapima malaria, taifodi na sukari bila kuona kitu, maneno huanza. Wapo watakaosema amelogwa, wapo watakaosema anadeka, na wengine watamwita mvivu.

Mwaka 1989 mfugaji mmoja wa Uingereza aliugua kwa namna hiyo. Tofauti yake na wafugaji wenzake ni kwamba yeye alikuwa na kiti bungeni. Hakuwa waziri, hakuwa na chama nyuma yake, na alibaki hivyo hadi alipostaafu. Alichokuwa nacho ni haki ya kusimama na kuuliza, na aliitumia kwa takriban miaka 30.

Huyo ni Margaret, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha kurithi, Countess of Mar. Kwa mzazi anayelea watoto karibu na shamba, au mwenye mgonjwa ndani ambaye vipimo havimsemi, habari zake zina mengi ya kumfaa.

Tone la dawa mguuni

Margaret alizaliwa mwaka 1940. Alirithi cheo kutoka kwa baba yake mwaka 1975, na pamoja nacho kiti katika Baraza la Malodi, ambalo ni baraza la juu la Bunge la Uingereza. Nyumbani kwake, katika jimbo la Worcestershire, alikuwa mkulima na mtengenezaji wa jibini la maziwa ya mbuzi.

Kiangazi cha mwaka 1989 alikuwa akiogesha kondoo wake kuwakinga na wadudu. Dawa iliyokuwa ndani ya josho ilikuwa ya kundi la oganofosfeti, na wakati wa kazi ilimrukia mguuni. Wiki tatu baadaye alianza kuumwa kichwa na misuli. Hatimaye madaktari walimwambia ana ugonjwa wa uchovu sugu, ambao kwa kifupi huitwa ME.

Oganofosfeti huua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa baada ya kazi yake kwisha, na dawa hii hukizuia. Ujumbe ukikosa wa kuuzima, misuli na tezi hufanya kazi bila kupumzika. Binadamu naye ana kimeng'enya hichohicho, ndiyo maana dawa inayomwangusha kupe inaweza kumwangusha mchungaji.

Waliolazimishwa kuogesha

Jambo lililoifanya hoja yake iwe nzito ni kwamba wafugaji wa Uingereza hawakuwa na hiari. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwaka 1992, sheria iliwalazimisha kuogesha kondoo ili kupambana na upele unaoenezwa na utitiri. Dawa za oganofosfeti ndizo zilizotumika sana katika majosho hayo.

Fikiria hali ya mkulima huyo. Serikali inamwambia aogeshe, anaogesha, kisha anaugua na hapati wa kumsikiliza. Daktari wa kijijini hajafundishwa kuhusu dawa za mifugo. Ofisi ya kilimo inajibu kwamba dawa ni salama ikitumika kwa kufuata maelekezo. Familia inabaki na baba asiyeweza kunyanyua ndoo ya maji, na mifugo inayosubiri kulishwa.

Margaret aliyachukua malalamiko hayo na kuyapeleka bungeni. Aliuliza dawa hizo zilipimwaje kabla ya kuruhusiwa, wagonjwa wanahesabiwa na nani, na mkulima aliyeumia atibiwe wapi. Waziri wa kilimo akibadilishwa, aliyemfuata aliyakuta maswali yaleyale yakimngoja.

Mabadiliko yalikuja polepole, na hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Wakulima wagonjwa, wake zao, waandishi wa habari na wabunge wengine walisukuma upande wao. Mwaka 1992 sharti la kuogesha liliondolewa. Mwaka 1995 ikawa lazima anayenunua dawa hiyo awe na cheti cha mafunzo, au anunue kwa niaba ya mwenye cheti. Utafiti wa taasisi ya afya ya kazini ya Edinburgh, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba hatari kubwa haikuwa kwenye maji ya josho bali kwenye kushika dawa kali kabla haijachanganywa. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali iliagiza dawa hizo ziondolewe sokoni hadi zipatikane chupa zisizomwagia mtumiaji.

Dawa hazikupigwa marufuku moja kwa moja. Baadaye zilirudi zikiwa katika vyombo vipya. Na wanasayansi hawakumaliza ubishi. Wanakubaliana kwamba sumu nyingi kwa mara moja inaweza kuacha madhara ya muda mrefu kwenye mishipa ya fahamu. Kuhusu kiasi kidogo kidogo cha miaka mingi, bado wanavutana.

Mtoto anayeambiwa anajifanya

Kutoka josho, Margaret alihamia kwa wagonjwa wa uchovu sugu kwa jumla. Wengi wao hawakuwahi kugusa dawa ya mifugo. Mara nyingi ugonjwa huanza baada ya maambukizi kama mafua makali. Chanzo chake hakijajulikana, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachouthibitisha, ingawa Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mishipa ya fahamu tangu mwaka 1969.

Dalili yake kubwa ni mgonjwa kuzidiwa baada ya kujitumikisha kidogo tu. Anaweza kuoga, kwenda dukani na kurudi akiwa anacheka, kisha kesho yake asiweze kuinuka kitandani. Anayemwona leo na asimwone kesho ni rahisi kudhani anaigiza.

Walioumia zaidi ni watoto. Wapo wazazi wa Uingereza waliotuhumiwa kwamba wao ndio wanaomfanya mtoto awe mgonjwa, na wengine wakatishiwa kunyang'anywa mtoto na idara za ustawi wa jamii kwa sababu hakuwa akihudhuria shule. Margaret alilipeleka suala hilo bungeni. Hoja yake ilikuwa kwamba mzazi anayemwamini mwanawe hapaswi kutazamwa kama mkosaji.

Mwaka 2008 alianzisha Forward-ME, jukwaa lililokutanisha mashirika ya wagonjwa yaliyokuwa yakifanya kazi kila moja kivyake. Vita yao kubwa ilihusu matibabu. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2007 ulishauri wagonjwa wapewe mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo, na wagonjwa wengi walilalamika kwamba yanawazidishia ugonjwa. Margaret alistaafu mwaka 2020, akiwa mwanamke wa mwisho miongoni mwa wajumbe wa kurithi. Oktoba 2021 mwongozo mpya ukatoka, ukasema mazoezi ya aina hiyo yasitolewe tena kama tiba ya ME. Alikuwa ameshaondoka bungeni, lakini hoja ilikuwa imefika.

Dawa hizi ziko kwetu pia

Oganofosfeti si habari ya Ulaya peke yake. Kundi hili limetumika kwenye majosho ya ng'ombe, mashamba ya pamba na bustani za mboga za Afrika Mashariki. Baadhi ya majina utakayoyakuta kwenye lebo ni klorpirifosi, profenofosi, daiazinoni na klorfenvinfosi. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiondoa klorpirifosi duniani, kukiwa na matumizi machache yaliyoachwa kwa muda.

Nyumbani hatari huanza pale dawa inapohamishwa kutoka chombo chake. Zingatia haya:

• Usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, anaona kinywaji.

• Dumu la dawa halifai kuchotea maji wala kuwekea mafuta ya kupikia, hata ukilisuuza mara kumi. Litoboe, kisha muulize ofisa ugani mahali pa kulipeleka.

• Usimpake mtoto dawa ya shambani au ya mifugo ili kuua chawa, wala usiipulize kwenye godoro kuua kunguni. Ngozi ya mtoto hunyonya haraka.

• Nguo za kupulizia dawa zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Aliyetoka shambani aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

• Wakati wa kuchanganya dawa, vaa glovu na buti. Kumbuka funzo la Edinburgh: hatari kubwa ipo pale unapofungua chupa.

• Angalia mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kijani nayo ni sumu.

Mtu aliyepata sumu hii hutokwa na jasho, mate na machozi kwa wingi. Anaweza kutapika, kuharisha, kutetemeka misuli na kupumua kwa shida, na mboni za macho huwa ndogo sana. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku nawe umejikinga mikono, kisha umkimbize hospitali. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, maana si dawa ya sumu hii na yanaweza kumpalia. Nenda na chupa au lebo, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha daktari dawa ya kumpa.

Ukiwa na mgonjwa asiyeeleweka

Si kila uchovu ni ME, na si kila maumivu yanatokana na dawa ya shambani. Upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vinaweza kuleta dalili zinazofanana, na vingi vina tiba. Vichunguzwe kwanza.

Saidia uchunguzi kwa kuandika. Daftari la kurasa 40 linatosha. Andika siku ugonjwa ulipoanza, kilichotangulia, dawa za shambani zilizotumika mwezi huo, na jinsi mgonjwa anavyokuwa kesho yake baada ya kufanya kazi. Daktari mwenye foleni ndefu atasoma ukurasa mmoja haraka kuliko atakavyosikiliza maelezo ya nusu saa.

Shuleni, mweleze mwalimu wa darasa mapema kabla mtoto hajaitwa mtoro. Omba barua ya daktari hata kama ugonjwa haujapewa jina; inatosha kuandikwa kwamba yuko chini ya uchunguzi.

Kisha lipo la uraia. Mbunge wa kawaida hana bajeti ya wizara na hawezi kupiga dawa marufuku peke yake. Lakini anaweza kuuliza swali la msingi, na serikali ikalazimika kujibu hadharani, jibu likaandikwa. Diwani naye anaweza kuuliza kwenye baraza la halmashauri ni maduka mangapi ya pembejeo yaliyokaguliwa mwaka huu, na kama zahanati ya kata ina dawa ya kuokoa aliyepata sumu. Maswali hayo hayaji yenyewe. Huletwa na mzazi aliyekwenda ofisini na daftari lake, akarudi tena mwezi uliofuata.

Margaret alikuwa na bahati ya kuzaliwa na kiti bungeni. Wakulima waliougua pamoja naye hawakuwa nacho, na bila barua na ushahidi wao maswali yake yangekosa uzito. Anayeuliza bungeni anahitaji kupewa cha kuulizia, na familia yenye mgonjwa ndiyo inayokijua.