Kanisa Lililokua Uhamishoni

Mwaka 1921 mahakama ya kijeshi iliyokaa Thysville, katika Kongo ya Wabelgiji, ilimhukumu Simon Kimbangu viboko 120 na kisha kifo. Hakuwa na wakili. Hakuwa ameua mtu wala kushika silaha. Alikuwa amehubiri na kuwaombea wagonjwa kijijini kwake Nkamba kwa miezi michache tu, na watu wakamiminika: wakulima waliacha mashamba, vibarua waliacha kazi, wagonjwa walitoka hospitali za misheni.

Serikali ikaingiwa na hofu. Katika Kongo ya wakati ule, wamisionari ndio walioshika makanisa na karibu shule zote. Mwafrika aliweza kubatizwa, hata kufundisha katekisimu, ila uongozi haukuwa wake. Kimbangu mwenyewe alilelewa na Wabatisti, wala hakumkana Kristo; aliwahimiza watu wachome hirizi na kuacha mitala, mambo ambayo wamisionari wenyewe waliyahubiri. Kosa lake lilikuwa kuwaonyesha Wabakongo, watu wa kabila lake, kwamba Mungu anaweza kumwita mmoja wao bila kupitia kwa Mzungu.

Mfalme Albert I wa Ubelgiji aliibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akasafirishwa hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika nchi ya wasemao Kiswahili, mbali kabisa na kwao. Alifia gerezani humo mwaka 1951, baada ya miaka 30.

Wafuasi wake nao walisombwa pamoja na wake na watoto, wakatupwa kwenye makambi ya mbali kama Lowa, huko mashariki. Wakubwa wa serikali walidhani moto ukitawanywa utazimika. Kumbe waliohamishwa walikwenda na nyimbo zao, wakawakuta watu wa makabila mengine, wakasali nao usiku kwa siri. Imani iliyokuwa ya Wabakongo ikapata waumini katika majimbo ambayo Kimbangu hakuwahi kuyahubiria.

Nyumbani, aliyeshika usukani ni mkewe, Marie Muilu. Historia humtaja kwa haraka mno, na hilo ni dhuluma: chini ya macho ya polisi, mama huyu aliwaunganisha waumini na kulea wanawe watatu, ambao baadaye walilisimamisha kanisa waziwazi. Watoto wa waumini walipofukuzwa shule za misheni, jumuiya ilijifungulia zake.

Mnamo 24 Desemba 1959 serikali ya kikoloni ililitambua kanisa hilo rasmi. Miezi michache baadaye, kabla hata ya uhuru, mabaki ya Kimbangu yalirudishwa Nkamba, ambako hadi leo mgeni huvua viatu kabla ya kukanyaga ardhi ya mji huo.

Muziki ndio unaoonyesha vizuri zaidi jumuiya hii imejengwaje. Mwaka 1994 mjukuu wa Kimbangu, Armand Diangienda, alianzisha okestra ya simfonia jijini Kinshasa. Wapigaji wengi hawakuwa wamewahi kusomea muziki. Fidla zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Wafanyabiashara wadogo na mafundi walifanya mazoezi jioni baada ya kazi, umeme ukikatika wakaendelea, na hatimaye wakapiga kazi za Beethoven pamoja na tungo za kanisa lao. Msomaji atakayejaliwa kufika Kinshasa aulizie wanapofanyia mazoezi, aende akawasikilize.