Bangili za Kukinga Risasi: Mchezo wa Marekani, Msiba wa Ziwa Mweru

Askari ni mtu anayepaswa kuyajua mambo yalivyo, si yanavyosimuliwa. Kwa sababu hiyo si vibaya, siku ya mapumziko, kuitazama tena hadithi ya kipuuzi na kuipima kwa mizani ya kazi yake. Tarehe 7 Novemba 1975, shirika la televisheni la ABC la Marekani lilionyesha filamu ya "The New Original Wonder Woman", ambayo ilizaa mfululizo wa vipindi uliodumu hadi mwaka 1979. Mwaka 2025 filamu hiyo ilitimiza nusu karne. Siku hizi kijana aliyeketi chini ya mwembe huko Kashikishi, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, anaweza kuitazama katika simu yake huku wavuvi wakianika samaki wao pwani ya Ziwa Mweru.

Ataicheka, na ndivyo watengenezaji wake walivyokusudia. Lakini ndani ya kicheko hicho mna jambo moja ambalo, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

KISA CHENYEWE

Mwaka ni 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanazi wamepanga kutuma ndege hadi New York ili kukiharibu kiwanda cha chombo cha siri cha kulengea mabomu, kiitwacho Norden. Meja Steve Trevor wa Jeshi la Marekani anaruka kwenda kumzuia rubani wa adui. Ndege zao zinaangamizana angani, naye Trevor anaangukia katika kisiwa kisichojulikana na mtu, kinachokaliwa na wanawake watupu. Binti wa malkia, jina lake Diana, anampenda. Mama yake anamkataza kushiriki mashindano ya kumchagua atakayemrudisha majeruhi kwao. Diana anavaa nywele za bandia, anaingia kwa siri, naye anashinda. Shindano la mwisho ni la kupigana risasi na kuzikinga kwa bangili za mikononi.

Yanayofuata ni vichekesho mfululizo. Diana, aliyechezwa na Lynda Carter, anaruka kwa ndege isiyoonekana, hata mtazamaji anamwona ameketi hewani kama mtu aliyesahauliwa na kiti chake. Huko Marekani anatembea barabarani katika vazi la nyota na milia linalomtosha kuogelea, anawakamata majambazi wa benki, kisha mjanja mmoja anamweka jukwaani ili watu walipe kiingilio kumwona akikinga risasi. Majasusi wa Kijerumani wanafoka na kutoa macho kama watu wa mchezo wa shule. Mwisho Diana anaiteka ndege ya adui, anaielekeza juu ya nyambizi, na mambo yanakwisha. Siku ya pili anavaa miwani, anajiita Diana Prince, anaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya Trevor, na hakuna hata mmoja katika Wizara ya Vita anayemtambua!

SIRI ILITOKEA WAPI

Jambo moja katika hadithi hii lastahili heshima ya askari. Katika filamu, jasusi mkubwa kuliko wote hakutua kwa mwavuli usiku wa manane. Ni Marcia, karani wa Meja Trevor mwenyewe, anayepokea simu zake na kuyasikia maongezi yake.

Hapo watunzi waliukaribia ukweli kuliko walivyodhani. Chombo cha Norden kilikuwapo kweli, na Marekani ilikilinda kwa kiapo na kwa bunduki. Lakini siri yake ilikwisha kutoka tangu mwaka 1938, miaka minne kabla ya wakati unaosimuliwa na filamu. Aliyeitoa alikuwa Hermann Lang, mfanyakazi wa kiwanda hicho huko New York. Hakuhitaji ndege wala nyambizi. Alinakili michoro aliyokabidhiwa kazini, nayo ikapelekwa Ujerumani. Alikamatwa mwaka 1941 pamoja na mtandao wa Fritz Duquesne, baada ya William Sebold, mtu ambaye Wajerumani walidhani ni wao, kushirikiana na makachero wa FBI. Watu 33 walitiwa hatiani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na ofisi ya jeshi haikuachwa nje ya methali hiyo.

KAMBA YA UKWELI

Polisi nao wana fungu lao. Diana hubeba kamba ya dhahabu. Anayefungwa kwayo hawezi kusema uongo. Kamba hiyo haikubuniwa ovyo. Mtunzi wa kwanza wa shujaa huyu, aliyemtoa katika gazeti la michoro mwaka 1941, alikuwa William Moulton Marston, mtaalamu wa elimu ya nafsi. Ndiye aliyebuni kipimo cha kutambua uongo kwa kupima msukumo wa damu wa mtu anayehojiwa.

Marston aliamini kipimo chake kwa moyo wote. Mahakama haikuamini. Katika kesi ya James Frye, iliyoamuliwa mwaka 1923 na Mahakama ya Rufani ya Wilaya ya Columbia, majaji walikataa ushahidi wa kipimo hicho kwa kuwa kilikuwa bado hakijakubaliwa na wataalamu wa fani hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kuipata kamba ya ukweli mahakamani aliipata katika gazeti la watoto. Damu ya mtu husukumwa na uongo, lakini husukumwa pia na hofu, hasira na aibu. Mtu asiye na hatia aliyeketi mbele ya mpelelezi anazo zote tatu. Kazi ya kuupata ukweli ingali ile ile: shahidi, kielelezo, nyayo, na saa nyingi za uvumilivu.

BANGILI NA MAJI

Sasa tuje kwenye bangili. Mafundi wa filamu hutega baruti ndogo zinazotoa cheche, na mtazamaji akaona risasi zikigonga chuma na kuanguka. Askari aliyewahi kulala katika uwanja wa shabaha anajua hesabu yake. Risasi ya bunduki aina ya AK-47 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita zipatazo 700 kwa sekunde. Mtu aliye umbali wa mita 100 humfikia kwa muda usiotimia moja ya tano ya sekunde, na muda huo ni mfupi kuliko ule unaohitajiwa na jicho kuona na mkono kuanza kuinuka. Bangili ingechelewa hata kama ingekuwa ya chuma cha kifaru.

Huko Marekani hakuna aliyekwenda vitani kwa kuziamini bangili za Diana. Lakini sisi wa upande huu wa dunia tunayo historia nyingine. Mwaka 1905, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo watu waliambiwa yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Alinyongwa Agosti mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, maelfu waliishambulia ngome iliyokuwa na bunduki za rashasha, wakafyekwa. Ujasiri wao hauna shaka, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa ya kweli. Maji ndiyo yaliyokuwa ya uongo.

Imani hiyo haikufa. Mashariki mwa Kongo wapiganaji wa msituni wameitwa Mai-Mai, jina litokanalo na neno letu wenyewe la maji. Katika Katanga, ambako Kiswahili kilifika na misafara ya karne ya 19 na kikabaki kuwa lugha ya sokoni, kundi mashuhuri liliongozwa na Gédéon Kyungu Mutanga. Lilitamba kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, eneo ambalo watu waliliita pembe tatu ya kifo. Mji wa Pweto uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Gédéon alijisalimisha Mei 2006. Mwaka 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mwaka 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi, akajisalimisha tena mwaka 2016.

Ni vema kila askari wa mpakani aelewe dawa hiyo inavyofanya kazi, maana haifanyi kazi mwilini, hufanya kazi akilini. Mpiganaji hunyunyiziwa maji na kupewa masharti: asimguse mwanamke, asiibe, asirudi nyuma, asile kitu fulani. Akirudi salama, dawa imemlinda. Akifa, alivunja sharti. Kwa hesabu hiyo dawa haikosi kamwe. Aliyekosa ni marehemu, naye hawezi kujitetea. Ndiyo maana mkubwa anayeigawa hapungukiwi na kitu hata akizika kikosi kizima. Na kwa kuwa mtoto huamini upesi kuliko mtu mzima, vikundi vya Mai-Mai viliwaingiza watoto vitani, wengine wakitangulia mbele ya wenye bunduki.

WANAOVUKA ZIWA

Matokeo ya mambo hayo yalifika Nchelenge kwa miguu na kwa mitumbwi. Desemba 2000, Pweto ilipotekwa katika vita vya Kongo, raia na askari kwa maelfu walikimbilia Zambia. Tangu Agosti 2017 wakaja tena maelfu kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, wakiyakimbia mapigano ya wanamgambo na majeshi ya serikali, pamoja na uhasama wa Watwa na Waluba. Walipokewa kwanza Kenani, na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, humo humo wilayani. Hivyo katika wilaya ambayo wenyeji husema Kibemba, Kiswahili nacho husikika.

Askari anayepokea watu kama hao hana ndege isiyoonekana. Ana daftari, kalamu, na lugha. Yampasa kumtenga mwenye silaha na asiye nayo, kuandika jina, kumtafutia mtoto aliyepotea mzazi wake. Akikutana na kijana wa miaka kumi na minne aliyewahi kunyunyiziwa maji, asimcheke. Kijana huyo aliambiwa na wakubwa wake kwamba hafi, na pengine amewaona wenzake wakifa huku akijiuliza ni sharti lipi walilolivunja. Akitendewa kama mhalifu wa kuzaliwa, atarudi kwa aliyempa maji. Akiketishwa, akalishwa na kuhojiwa kwa adabu, huenda kwa mara ya kwanza akasikia kwamba wenzake hawakukosa lolote.

MASHUJAA WA NYUMBANI

Zambia yenyewe imekwisha kutoa mashujaa wake wa michoro. Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ilianza kuonyesha "Supa Team 4", kipindi kilichobuniwa na Malenga Mulendema, mwandishi wa Kizambia. Ni hadithi ya wasichana wanne wa shule katika jiji la Lusaka la siku zijazo, wanaoongozwa na mama mmoja aliyekuwa kachero na sasa amestaafu. Nacho ni mchezo wa kuburudisha. Lakini twaona humo jambo ambalo filamu ya mwaka 1975 haikuwa nalo: wasichana ni wanne wala si mmoja, na wanaye mzee wa kuwafunza.

Vikosi vya ulinzi na usalama navyo vimejengwa hivyo. Kinachomrudisha askari nyumbani ni mwenzake anayemfunika kwa risasi anaposogea, handaki lililochimbwa mapema, kamanda asiyemdanganya juu ya nguvu za adui, na mganga wa kikosi mwenye bandeji ya kutosha. Hayo hayang'ari kama bangili, wala hayana masharti ya siri.

Basi, ndugu askari, tazama filamu hiyo ucheke, na watoto wako wacheke nawe. Kisha, kipindi kikiisha, mweleze mtoto jinsi cheche zile zilivyotegwa. Anayejua kwamba bangili ni mchezo hatadanganyika kirahisi siku atakapoletewa maji.