Kijana wa Guadalajara na Filamu Zake Fupi

Kila mmoja wetu aliyepata kutazama sinema amekwisha kujiuliza, japo mara moja, watu wanaotengeneza picha zile huanzaje kazi yao. Wengi hudhani kwamba mwongozaji wa filamu huanza akiwa na fedha nyingi, mitambo mikubwa na wachezaji mashuhuri. Sivyo. Walio wengi huanza na filamu fupi, za dakika tano au kumi, zilizopigwa nyumbani kwa msaada wa ndugu na rafiki. Katika makala haya nataka kueleza kazi za mwanzo za mtu mmoja wa Meksiko, Guillermo del Toro, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo kwa wanafunzi, na pengine kwa wazazi pia.

Del Toro alizaliwa mwaka 1964 katika mji wa Guadalajara, magharibi ya Meksiko. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya magari. Katika utoto wake alilelewa kwa sehemu na bibi yake, mama mcha Mungu sana wa dini ya Kikatoliki. Mtoto huyu alipenda kuchora mazimwi, na bibi hakupendezwa hata kidogo. Alichelea kwamba mjukuu wake amepagawa, akamnyunyizia maji ya baraka ili pepo amtoke. Pepo hakutoka, kwa sababu hakuwamo. Kilichokuwamo ni mapenzi ya hadithi.

Baba yake alikuwa na kamera ndogo ya aina ya Super 8, na mtoto akaanza kuichezea. Yafaa nieleze kidogo habari za kamera hiyo. Ukanda wake una upana wa milimita 8 tu, na roli moja ina urefu wa mita 15 hivi. Kwa mwendo wa picha 18 kila sekunde, roli nzima huisha kwa muda wa dakika tatu na sekunde ishirini. Basi mwenye roli moja hana nafasi ya kupoteza. Hana budi kufikiri kwanza ataonyesha nini, na nini atakiacha, kabla hajaigusa kamera. Hiyo ndiyo shule ya filamu fupi. Katika mojawapo ya filamu zake za utotoni, mchezaji mkuu alikuwa kiazi chenye tamaa ya kuitawala dunia. Kiazi kile kiliwaua jamaa zake, kikatoka nje ya nyumba kwa majivuno, na mara kikakanyagwa na gari. Hapo hadithi ikaisha.

Alipokua alijifunza mambo ya sinema katika Chuo Kikuu cha Guadalajara, na mmoja wa walimu wake alikuwa mwongozaji Jaime Humberto Hermosillo. Mwaka 1985 alitoa filamu fupi iitwayo Doña Lupe, habari za mwanamke mzee mwenye shida ya fedha, aliyewapangisha nyumbani mwake polisi wawili wasio waaminifu. Mwaka 1987 akatengeneza nyingine, Geometría, na hii nadhani itawapendeza wasomaji wetu kuliko zote.

Ndani ya Geometría yumo mwanafunzi aangukaye kila mtihani wa jiometri. Badala ya kufungua kitabu na kusoma, anakata shauri kumwita shetani ili amsaidie. Anachora umbo la pande tano sakafuni, akasimama ndani yake apate kujikinga, na shetani anatokea kweli. Kijana anaomba asianguke tena mtihani wa jiometri maisha yake yote. Lakini shetani anamsogelea bila kizuizi chochote, kwa sababu kijana hakuchora pembetano; amechora pembesita! Asiyejua kuhesabu pande hawezi kujikinga kwa pande. Hadithi hii ilitokana na kisa kifupi cha mwandishi wa Marekani, Fredric Brown. Filamu yenyewe ni ya dakika chache tu, na mama yake del Toro alikuwa miongoni mwa wachezaji.

Lakini kupiga filamu fupi hakukumpatia chakula, na filamu za mazimwi zilihitaji fundi wa kuyatengeneza. Huko kwao mafundi wa namna hiyo walikuwa haba. Basi akaamua kujifunza ufundi huo mwenyewe. Mwalimu wake alikuwa Dick Smith wa Marekani, bingwa wa kubadili sura za wachezaji, ambaye kazi yake ilionekana katika filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973. Baadaye del Toro alianzisha kampuni yake, Necropia, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika filamu za watu wengine, akitengeneza majeraha, nyuso na viungo vya bandia. Pia aliongoza baadhi ya michezo ya kutisha ya televisheni iliyoitwa La Hora Marcada.

Wakati huo alitamani kutengeneza filamu ndefu ya sanamu. Ufundi wa filamu ya sanamu ni huu: sanamu hupigwa picha moja, husogezwa kidogo sana, hupigwa tena, na kuendelea hivyo. Sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika moja huhitaji hata picha 1,440. Ni kazi ya subira. Del Toro na wenzake walikaa miaka mitatu wakitengeneza sanamu kama mia moja. Usiku mmoja walikwenda kula na kutazama sinema. Waliporudi waliona wezi wamevunja nyumba na kuziharibu sanamu zote.

Hebu, msomaji, fikiri: miaka mitatu imepotea usiku mmoja. Ungefanya nini? Del Toro aliiweka kando ndoto ya sanamu, akageukia filamu ya wachezaji hai. Hiyo ndiyo Cronos, habari za mzee muuza vitu vya kale aliyepata chombo cha dhahabu kinachompa mtu uhai, lakini pia kiu ya damu. Mwaka 1993 ilipata tuzo ya Juma la Wachambuzi huko Cannes, Ufaransa, na hapo jina lake likaanza kujulikana duniani. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, kwa filamu ya The Shape of Water.

Na sanamu je? Hakuzisahau. Mwaka 2022, yapata miaka thelathini baada ya wizi ule, alitoa filamu ya Pinocchio, aliyoiongoza pamoja na Mark Gustafson, yote kwa sanamu, na sehemu yake ilitengenezwa Guadalajara, mji ule ule alikozaliwa. Mama yake, aliyecheza katika Geometría, alifariki siku moja kabla filamu hiyo haijaonyeshwa London kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 ikapata Oscar ya filamu bora ya aina yake.

Mafunzo ni mawili. Kwa wazazi: mtoto achoraye mambo ya ajabu si lazima awe amepotea, mtazameni kwanza. Kwa sisi wanafunzi: tusingoje mitambo mikubwa ndipo tuanze. Kiazi kimoja na dakika tatu zilitosha kuanzia. Lakini tusisahau kuhesabu pande zetu vizuri, maana Waswahili husema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.