Anayetucheka Ndiye Anayechimba Kaburi

Ndugu zangu, leo tuongee juu ya kucheka. Wengi wetu tulikaa miaka mitano auditwari tukiamini kwamba jambo la maana lazima lisemwe kwa sauti nzito, na kwamba kuchekesha ni kazi ya watu wasio na kazi. Mimi pia niliamini hivyo. Kilio kimoja kule Kilwa, kwetu kandokando ya ziwa Moero, ndicho kilichonifungua macho.

Mjomba wangu alifariki msimu wa mvua. Nilitoka Lubumbashi juu ya lori la samaki lililokuwa likirudi tupu, siku mbili za matope, nikafika usiku. Asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, akaingia muzee mmoja mwembamba. Hakusalimia mtu. Alichukua kofia ya marehemu ukutani, akaivaa, akaanza kutembea akiburuta mguu wa kushoto, vilevile kama marehemu alivyokuwa akitembea. Kisha akapaza sauti:

«Mvula inakatika! Siye ba Bowa sasa tutaota wapi? Deni langu nani atanilipa?»

Nilitaka kusimama nimtoe nje. Lakini mama yangu, aliyekuwa amelia usiku kucha, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia tena, ila sasa kilio kingine, cha chini, cha mtu aliyepata kupumua.

Yule muzee ni munungwe wetu. Kwa wale waliokulia mjini: kwa Babemba na kwa watu wengi wa bonde la Luapula, koo hurithiwa upande wa mama, na kila ukoo una wenzake wa utani, ndio banungwe. Jozi hizi zina akili yake. Chui hula mbuzi, kwa hiyo watu wa Chui na watu wa Mbuzi wanataniana. Mamba na Samaki ni vilevile. Uyoga hauoti bila mvua, kwa hiyo sisi wa Mvula tuna utani na watu wa Bowa, yaani Uyoga. Audrey Richards aliandika juu ya desturi hii kwa Babemba mwaka 1937, na Ian Cunnison akaieleza katika kitabu chake cha 1959 juu ya watu wa Luapula.

Sasa sikiliza lile ambalo mimi sikulijua. Munungwe hana ruhusa ya kutukana tu. Ana kazi. Watu wa ukoo unaokutania ndio wanaosaidia kukuzika. Wenye msiba mikono imekufa ganzi. Yeye mikono yake ni mizima. Yule muzee alivua kofia ya mjomba, akashika jembe, akachimba pamoja na vijana wake mpaka jasho likamwingia machoni.

Kabla ya kwenda kuchimba, alinigeukia mimi. Akaniangalia viatu, akaniangalia shati.

«Njo weye ulisoma? Leta ile diplome tuwashie moto, kuni inaisha!»

Uwanja mzima ulicheka. Nami nikacheka, uso ukiniwaka moto. Maana kweli ni kwamba nilikuwa na miaka mitatu tangu nipate lisansi, barua za kuomba kazi nimepeleka kila mahali, na nyumbani nilikuwa nikiwaambia «dosié iko inaendelea». Usiku ule, tukiwa tumebaki wawili kando ya makaa, mama akaniuliza polepole: «Mutoto wangu, kazi uko nayo kweli?» Nikamjibu: «Hapana, mama. Sina.» Miaka mitatu nilishindwa kusema maneno hayo. Utani ulifungua mlango, mimi nikapita.

Lakini kuna upande wa pili. Miezi michache kabla ya kilio hicho, nilikaa mbele ya mkubwa mmoja mjini, naomba kazi. Alishika karatasi zangu, akawageukia wenzake: diplome za siku hizi, akasema, zinafaa kufungia karanga. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilihitaji kazi. Nilipotoka nje nilitamani ardhi inimeze.

Maskhara ni karibu yaleyale. Karatasi yangu, katika vinywa viwili. Kwa nini moja iliniponya na nyingine ikaniumiza? Nimewaza sana, na jibu langu ni hili: munungwe ninaweza kumrudishia. Kesho nitamcheka naye hatakasirika. Ni haki yangu. Tena siku nitakapoanguka, yeye ndiye ataniinua. Yule mkubwa nisingeweza kumjibu, na hakuwa na deni lolote kwangu. Kicheko kisichoweza kurudishwa ni fimbo tu.

Ukishika kipimo hicho, utaona pia kwa nini maandishi na michezo ya kuchekesha ina uzito. Hapa Lubumbashi wazee wetu walikuwa na kundi la Mufwankolo, lililocheza kwa Kiswahili chetu cha kila siku, hata kwenye televisheni. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwaletea msemo mmoja wa Kifaransa alioupata mezani kwa marafiki, kwa sababu ya firigisi ya kuku: «Le pouvoir se mange entier», yaani ukubwa haugawanywi, huliwa mzima. Waigizaji wakaanza kubishana maana yake ni nini. Kutoka mabishano hayo wakatunga mchezo juu ya chifu na kijiji chake, bila maneno kuandikwa kwanza, kila mmoja akijaza nafasi yake. Fabian alieleza kazi hiyo yote katika kitabu chake cha 1990.

Kumbukeni ilikuwa miaka gani. Ilikuwa Zaïre ya Mobutu, chama kimoja, kila raia akihesabiwa kuwa wa MPR. Nani angesimama sokoni atoe hotuba juu ya ukubwa na ulafi wake? Lakini chifu wa mchezo anaweza kuchekwa, na kila mtazamaji anarudi nyumbani na hesabu yake kichwani. Ufaransa nako ilikuwa hivyo: Molière, tuliyemsoma shuleni, alionyesha Tartuffe mwaka 1664, akiwacheka wanafiki wa dini, na mchezo ukakatazwa mbele ya watu mpaka 1669. Maskhara matupu hayakatazwi miaka mitano.

Utani unaweza hata kutunza amani. Ng'ambo ya ziwa, Zambia, Babemba na Bangoni walipigana karne ya 19. Leo wanatupiana maneno juu ya nani anakula panya na nani anakula nyani, halafu wanagawana bukari.

Je, kila kitu kinaweza kuchekwa? Hapana. Mwezi wa 10 mwaka 2004, waasi wachache waliingia Kilwa, jeshi likaja kuurudisha mji, na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Sijasikia munungwe hata mmoja akifanya utani na wafu wale. Yule muzee, ambaye haogopi kuvaa kofia ya marehemu, siku hiyo ikitajwa hunyamaza. Nadhani anajua mpaka uko wapi: kifo cha mjomba kilizikwa kwa heshima, kila mtu akaonekana deni lake, wale wa 2004 bado wanadai. Pale kicheko kinangoja haki itangulie.

Kwa hiyo, wenzangu, tunapotuma picha za kuwacheka bashomeri, au mwenzetu aliyeachwa na mchumba wake, tujiulize kwanza: huyu anaweza kunirudishia? Akianguka, nitaenda kumwinua? Kama majibu yote mawili ni ndiyo, tucheke mpaka machozi yatoke. Kama ni hapana, tunyamaze.

Yule muzee wa Bowa bado ni mzima, Mungu amuweke. Siku yake ikifika, mimi wa Mvula nitapaswa kupanda lori kwenda Kilwa. Nitavaa kofia yake, nitadai deni langu mbele ya watoto wake. Na jembe nitalishika.