Wazoefu wa Meli za Kitalii Husifu Sabuni
Waliozoea kusafiri kwa meli za kitalii watakusimulia mapochopocho na upepo wa bahari. Waulize siri ya kurudi nyumbani wazima, nao watakujibu: sabuni.

Norovirusi, viini viletavyo kutapika na kuhara, huenea upesi abiria wanaposhika upawa mmoja kujipakulia chakula. Dawa ya mikono yenye spiriti haiviui vyema. Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kula na utokapo msalani.

Ukiugua, mwone daktari wa meli mara moja. Baadhi huficha wakiogopa kufungiwa chumbani. Heri siku chache za upweke kuliko kuwaambukiza wazee mnaokula nao, kwani kuhara kukiwamaliza maji mwilini huweza kuwaua.