Asubuhi ya Kwanza London: Ndege wa Bustanini na Msamiati Wetu

Msafiri anayetoka Kampala kwenda London mwezi wa Juni hukutana na tatizo dogo siku ya kwanza. Wakati huo saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Mwili uliozoea kuamka saa 12 asubuhi huamka saa 10 alfajiri, na chai ya hotelini bado haijatengwa. Nje, jua huchomoza kabla ya saa 11, maana siku za kiangazi huko ni ndefu sana. Tulikuwa watu sita, walimu wawili na wanafunzi wanne wa Kiswahili, na tulitaka mahali pa kwenda pasipo na kiingilio. Tukaenda bustanini kutazama ndege. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kufanya hivyo, faida tuliyoipata, na aibu iliyotupata.

Tulianzia St James's Park, bustani yenye ukubwa wa hekta 23 hivi, karibu na kasri la Buckingham. Hufunguliwa saa 11 alfajiri na ndani yake mna ziwa refu. Barabara ya pembeni inaitwa Birdcage Walk, yaani njia ya vizimba vya ndege, kwa sababu katika karne ya 17 wafalme waliwafuga ndege wao hapo. Mwaka 1664 balozi wa Urusi alimzawadia Mfalme Charles II ndege aina ya mwari, na hadi leo mwari wanatunzwa katika ziwa hilo. Wanafunzi walicheka waliposikia jina, kwani wao walimjua mwari kuwa ni msichana anayefundwa unyagoni. Basi somo la homonimu likafanyika hapo hapo, mbele ya ndege mwenye mfuko chini ya mdomo.

Kutazama ndege hakuhitaji utaalamu mkubwa. Darubini ikiwapo ni vyema. Isipokuwapo, daftari na subira vinatosha. Simama huku jua likiwa mgongoni kwako, ili rangi zionekane. Kwanza tazama umbo na ukubwa: je, anamzidi shomoro? Anamfikia njiwa? Pili, tazama anachofanya: anapiga mbizi, anadonoa nyasi, anatikisa mkia? Tatu, tazama mahali alipo: majini, ardhini au mtini. Andika hayo kabla ya kuuliza jina. Usiwatupie mkate, kwa maana wasimamizi wa bustani hizo huwaomba wageni wasiwalishe ndege.

Kutoka hapo tulitembea kwa miguu, tukapitia Green Park hadi Hyde Park, penye ziwa la Serpentine lililotengenezwa mwaka 1730. Ukingoni tulimkuta mtu wa nyumbani: bata bukini wa Misri, mwenye duara la hudhurungi kuzunguka jicho. Licha ya jina lake, ndege huyu anaishi sehemu kubwa ya Afrika, na aliyewahi kupanda mashua katika Mfereji wa Kazinga, magharibi mwa Uganda, amemwona. Waingereza walimleta kwao zamani ili apambe maziwa ya matajiri. Jina lake la Kiswahili nalo lina safari yake, kwani Bukini ni jina la kale la Madagaska. Juu mitini walipiga kelele kasuku wa kijani. Hao wametokana na ndege waliofugwa vizimbani, wengi wao wakiwa na asili ya Asia, na tangu mwaka 1969 wanajulikana kuwa wanazaliana porini nchini Uingereza.

Hapo ndipo ilipotupata aibu. Kwenye nyasi alikuwa akikimbiakimbia ndege mdogo mweusi na mweupe, akitikisa mkia. Wanafunzi wakaita kwa pamoja, "Nnamunye!" Hakuwa yule wa Kampala hasa, ila wa jamii yake, na mwendo ni ule ule. Mzee mmoja aliyekuwa na darubini akatuuliza kama hilo ni neno la Kiswahili. Tukamjibu kwamba ni Kiganda. "Na kwa Kiswahili je?" Tulitazamana. Walimu wawili wa Kiswahili, na miaka mingi ya kufundisha ngeli, hatukuwa na jibu.

Tuliporudi tulilitafuta, tukalipata: kiluwiluwi. Wengi wetu tunalijua neno hilo kwa mtoto wa mbu anayejinyonganyonga majini. Anayemtazama ndege huyo hataona ajabu kwamba wanaitwa jina moja.

Basi umaskini haukuwa wa lugha, ulikuwa wetu. Kiswahili kina mnandi, ndege mweusi anayepiga mbizi na kuvua samaki. Kina yangeyange mweupe afuataye ng'ombe. Kina mbayuwayu, ambaye wengine wao huzaliwa Ulaya na kuja Afrika wakati wa baridi. Ni kweli pia kwamba maneno mengine yamebeba mzigo mzito. Korongo, kwa mfano, hutumiwa kwa ndege wengi wa miguu mirefu, wakiwamo kaloli wa majalala ya Kampala. Lakini huwezi kujua neno limebeba mzigo gani kabla hujawatenganisha ndege wenyewe kwa macho.

Jambo hili si dogo kwa Uganda. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa darasa la tatu huko Gulu au Mbarara hataanza kwa kuuliza habari za viambishi. Atanyoosha kidole dirishani na kuuliza, "Mwalimu, yule anaitwaje?" Mwalimu akijibu "ndege" tu, mtoto ataondoka akiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya darasani, na kwamba vitu vyenye uhai vina majina katika lugha ya mama peke yake.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wanaojiandaa kwa safari za masomo waanze na zoezi hili hapa hapa chuoni. Amka mapema siku tatu, andika ndege kumi unaowaona, kwa lugha ya kwenu kwanza, kisha watafutie majina katika kamusi na kwa wasemaji wa pwani. Majina yasiyopatikana yaleteni idarani. Sisi walimu tumekwisha kuanza orodha yetu, na wa kwanza katika orodha hiyo ni kiluwiluwi.